Uzi wa Tatu wa Gitaa la Wepukhulu

Fundi Kipchirchir wa Kibomet alinitendea wema, na wema wake nusura unizike nikiwa hai mbele ya watu mia tatu. Nalisema hili mapema nisije nikaonekana mtu wa kulaumu wenzake. Kosa lilikuwa langu. Yeye kazi yake aliifanya, tena vizuri, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Mimi ni Rahab, Mama Ngige, wa duka la dawa za mifugo pale Matisi, Kitale. Nina miaka arobaini na tisa. Mwaka jana, kitinda mimba wetu alipoenda chuo na nyumba ikawa kimya hata ukasikia friji ikinguruma, nilimwambia mume wangu Kabiru kwamba nataka kujifunza gitaa la umeme. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Mama Ngige, samaki hukunjwa angali mbichi," akasema.

Nikamwambia samaki mkavu naye huliwa, na kwamba sikuwa naomba ruhusa, nilikuwa nampasha habari tu.

Kwenye duka la ala za muziki mjini kijana muuzaji alinionyesha gitaa jeusi lenye pembe kama za beberu, na amplifaya kubwa kama kabati la nguo. Nilipouliza kama hakuna ndogo ya kutosha sebule, akauliza kama namtafutia mtoto. Nilipomwambia ni langu, akaanza kunisogeza polepole hadi upande wa vinanda. "Hizi ndio wamama hupenda," akasema. Nikatoka bila kuaga. Hasira zangu ziko karibu, sikatai.

Wiki nzima nikasoma mitandaoni habari za magitaa mpaka kichwa kikauma. Huyu anasema usianze bila pedali tano, yule anasema pedali ni za kuficha uvivu wa vidole. Mmoja anataka mbao nzito, mwingine nyepesi. Karibu nikate tamaa. Ndipo nikaona kwenye kundi la WhatsApp la kuuza na kununua picha ya gitaa jekundu lililochakaa kifuani, limeegemezwa kwenye gunia la mahindi, pamoja na amplifaya ndogo ya kubeba kwa mkono mmoja. Chini yake maneno machache: Gitaa ya mzee. Bado inalia. Bungoma.

Mwenyewe alikuwa Edah, mjane wa pale Musikoma. Mumewe Wepukhulu alikuwa karani wa serikali, na kila jioni kwa miaka thelathini alitoka kazini akavua viatu na kupiga gitaa, si kwa bendi wala kwa kanisa, ila kwa raha zake. Alikuwa amefariki miaka miwili iliyopita. Nililiweka gitaa pajani nikapitisha kidole juu ya nyuzi zote sita bila kubonyeza popote, na sauti ikatoka nzito, ikadumu. Lilikuwa kama limekatizwa likiwa katikati ya maneno, likawa linangoja mtu wa kulisikiliza. Sikuhitaji tena ushauri wa mtandao.

"Usiguse hizo vifunguo za kukaza nyuzi," Edah akaniambia. "Mzee ndiye alikaza mara ya mwisho. Mkono yake iko hapo."

Bei hatukuvutana. Alichotaka ni kitu kingine. Binti yao Nabwile angeolewa Agosti. Siku alipozaliwa, Wepukhulu alimtungia wimbo usio na maneno, akawa anaupiga kila jioni, na hakuna aliyewahi kuurekodi. Nani hurekodi kitu anachokisikia kila siku? Sasa ulikuwa umebaki kichwani mwa Edah tu, na Edah hajui gitaa.

"Kuja uipige siku hiyo," akasema. "Mtoto aondoke hapa na sauti ya baba yake."

Nikaahidi. Kwa kuahidi, nani kama mimi.

Nikaanza na walimu wa YouTube. Nilipoweka vidole pale waliposema, gitaa lilitoa sauti ya mlango wa stoo. Wiki tatu nikaamini vidole vyangu vina kasoro, kisha nikaamua walimu wale ni matapeli. Haikunijia hata mara moja kwamba Wepukhulu alizikaza nyuzi zake kwa namna yake mwenyewe, tofauti na ya dunia nzima. Mimi nilidhani magitaa yote hukazwa sawa, kama mizani inavyotoka kiwandani na mawe yake. Basi nikawaacha matapeli nikamfuata Edah. Kila Jumapili baada ya ibada alinipigia simu akaniimbia kipande kidogo kwa pua, nami nikakitafuta juu ya nyuzi mpaka kikapatikana. Miezi minane, kipande kwa kipande.

Kila jioni nilianza vilevile: nyuzi sita, moja moja, kuanzia mnene hadi mwembamba, kama kulisalimia. Na kila jioni Kabiru, ambaye saa hiyo huwa nyuma ya nyumba anakama ng'ombe wetu wawili, alipaza sauti: "Mama Ngige! Utatukaushia maziwa!"

Kwa kuogopa vifunguo visije vikasogea, nilivichora kila kimoja mstari mdogo wa rangi ya kucha, nyekundu. Kikisogea nakirudisha kwenye mstari. Nilijiona mwerevu.

Alhamisi kabla ya harusi, tundu la kuchomekea waya likaanza kukwaruza. Nikampelekea Kipchirchir, yule fundi wa magitaa wa Kibomet. Nikamwambia, "Liangalie vizuri," maneno mawili tu, nikakimbilia dukani ambako watu wa chanjo ya kuku walikuwa wamepanga foleni. Ijumaa jioni akanirudishia likiwa ndani ya begi lake, zipu imefungwa. "Mathe, sasa imekuwa mpya," akasema. Nikamshukuru. Sikulifungua, kwa sababu nilikuwa na nguo ya harusi ya kupiga pasi.

Jumamosi tukapita Kiminini na Webuye kwa pikapu yetu, Kabiru akiendesha na kulalamika kuhusu tai. Nyumbani kwa Edah kulikuwa na hema tatu na jenereta nyuma ya jiko. Kwenye ratiba nilikuwa baada ya keki, kabla ya zawadi. Keki ilipoletwa nikaingia sebuleni kwa Edah kujiandaa, nikafungua begi, nikachomeka waya, nikapiga uzi wa kwanza.

Haukuwa wenyewe.

Nikapiga wa pili. Wa tatu. Nyuzi zilikuwa zinametameta, mpya kabisa. Vifunguo vilikuwa vimesuguliwa vikang'aa, na mistari yangu myekundu haikuwepo. Nikaweka vidole kwenye mwanzo wa wimbo wa Nabwile, mahali ambapo vidole vyangu vinajua hata nikiwa usingizini, na ikatoka ile sauti ya mlango wa stoo.

Nikampigia Kipchirchir simu.

"Ah, mathe, si nilikufanyia ka-service," akasema kwa furaha. "Nyuzi zilikuwa na kutu, nikaweka zingine. Na ilikuwa imetoka tuning kabisa, sijui ulikuwa unapiga aje. Nikairudisha sawa. Hata kulikuwa na uchafu flani nyekundu kwa vifunguo, nikatoa na thinner."

"Nyuzi za zamani ziko wapi?"

"Si nilitupa. Kwani ulikuwa unazitaka?"

Nikakata simu. Kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na tusi mdomoni. Mtu umemwambia aangalie vizuri, ameangalia vizuri, utamtukana nini?

Nikamwita Wekoye, mpiga gitaa wa kwaya yao, kijana mpole mwenye suti ya kubana. Akalichukua, akalipiga, likalia vizuri kabisa mikononi mwake.

"Iko sawa, mama. Standard, kama gitaa zote."

"Nataka kama ilivyokuwa."

"Ilikuwa aje?"

Nikafungua kinywa nimwimbie uzi wa kwanza, na hakikutoka kitu. Nilikuwa nimezijua nyuzi zile kwa vidole, si kwa koo, na sasa masikio yangu yalijaa hizi mpya. Kila nilipotafuta sauti ya zamani, mpya iliingia mbele yake na kusimama mlangoni.

"Pole, mama," Wekoye akasema. "Lakini hii ndio ya ukweli. Labda wewe ndio ulijifunza vibaya." Hakusema kwa ubaya. Akaongeza kwamba nyuzi mpya hulegea haraka, nisizisumbue sana, akarudi kwa kwaya yake.

Nikabaki nimekaa kwenye kiti cha Edah, na nitasema wazi nilichohisi: niliona aibu. Miezi minane ya kuchekwa, miezi minane ya kujibu watu kwa kiburi, na sasa kijana mpole ananiambia nilijifunza vibaya. Lakini aibu haikuwa kitu. Mkono wa mtu ulikuwa umebaki mahali pamoja tu duniani, nikaubeba mimi mwenyewe kwa pikapu hadi Kibomet ukafutwe kwa thinner.

Mlango ukafunguka, akaingia Edah. Alikuwa amevaa gauni la kijani na kilemba chake, akanishika mabega kwa mikono miwili.

"Uko tayari, Mama Ngige? Nimeambia ndugu zake wote. Wengine hawakuja matanga yenyewe, lakini leo wamekuja. Wanataka kumsikia."

Hapo ndipo nilipopaswa kumwambia. Nilikuwa na maneno. Nikasema, "Bado kidogo tu, Mama Nabwile. Natayarisha." Akanipapasa shavu akatoka. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Siku hiyo nguo ilikuwa yangu na mdudu ni mimi.

Nikatoka kwa mlango wa jikoni nikiwa nimekumbatia gitaa na ile amplifaya, nikapita katikati ya masufuria mpaka kwenye pikapu, iliyokuwa kando ya jiko. Kabiru alikuwa ndani, viatu amevua, anakula paja la kuku.

"Washa gari," nikamwambia.

"Kwani umeshapiga?"

"Washa gari, Baba Ngige. Twende nyumbani. Nitawatumia ujumbe niseme nimeugua."

Akaniangalia. Akapangusa vidole kimoja kimoja. Nikamweleza yote kwa pumzi moja, Kipchirchir, nyuzi, thinner, na kwamba siwezi kukumbuka hata uzi mmoja ulivyokuwa ukilia. Nilitegemea aseme habari ya samaki. Hakusema. Kutoka kwenye hema sauti ya mshereheshaji ilikuwa inakuja juu ya spika: keki imeshaliwa, sasa tunamkaribisha mgeni wetu kutoka Kitale.

"Si unaanzanga na ule mnene?" Kabiru akauliza.

"Ndiyo."

Akalamba midomo, akapiga mluzi. Sauti moja, ndefu, ya chini. Ulikuwa ule uzi wenyewe.

"Hiyo umeitoa wapi?"

"Ng'ombe," akasema, akitazama pembeni. "Siku hizi hawashushi maziwa bila hiyo. Ukiwa umeenda soko si lazima niwapigie mimi?"

Mtu huyu amenilalamikia miezi minane. Nikataka kumpiga na kumkumbatia, na hakukuwa na nafasi ya lolote kati ya hayo. "Rudia," nikamwambia. Nikachomeka waya kwenye amplifaya, na waya wake wa umeme kwenye soketi ya nje ya jiko. Yeye akipiga mluzi, mimi nikizungusha kifunguo. Uzi mnene ukashuka, ukashuka zaidi, ukafika. Wa pili ukapanda. Tulipofika wa tatu, Kabiru akanyamaza.

"Endelea!"

"Huu wa tatu sina hakika," akasema. "Ukifika hapo huwa nahamia kwa yule ng'ombe mweusi, na si unajua teke lake. Nakuwa naangalia mguu." Akajaribu mluzi mmoja, akatikisa kichwa, akajaribu mwingine wa juu kidogo.

"Ni upi?"

"Mmoja wao. Labda huu wa pili."

"Labda?"

"Mama Ngige, mimi nilikuwa nachunga ndoo!"

Mshereheshaji akaita jina langu mara ya pili, na watu wakaanza kupiga makofi ya kunihimiza. Nikaukaza uzi wa tatu kwenye ile labda. Wa nne ukaja. Wa tano. Wa sita ulikuwa wa kupandishwa sana, mwembamba kama unywele, nikageuza uso pembeni nikiuzungusha, kwa maana ukikatika hapo ni kwaheri. Haukukatika. Nikapiga zote sita pamoja. Ilikuwa karibu kabisa. Ilikuwa yenyewe kama ndugu wawili wanavyofanana.

Nikaenda mbele ya watu. Kabiru alinifuata akibeba amplifaya, kwa soksi, viatu amesahau garini. Nabwile alikuwa ameketi chini ya maua na bwana harusi wake, na katika safu ya kwanza ndugu wa Wepukhulu, wazee wenye makoti, mikono juu ya fimbo zao. Edah alikuwa katikati yao. Sikusalimia mtu. Nyuzi mpya zilikuwa zinalegea kila dakika, nami nilikuwa nashindana nazo, kwa hiyo nikakaa nikaanza.

Sehemu ya kwanza ya wimbo hutembea kwenye nyuzi nene mbili, na ikatoka. Niliona mzee mmoja akimshika mwenzake kiwiko. Nabwile alikuwa anatabasamu tabasamu la picha, kisha likaisha usoni, akainama, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nikasema moyoni, basi, imefika. Lakini sehemu ya pili huja kwenye uzi wa tatu, nayo ilikuwa inakuja nikitaka nisitake.

Nikaupiga. Ulikuwa juu kidogo. Haukuwa mbaya, mtu mwingine yeyote asingejua. Edah aliinua kichwa kama mtu aliyesikia anaitwa kwa jina lisilo lake. Akanitazama moja kwa moja na hakuniondolea macho mpaka mwisho, na mimi nikaurudia uzi ule mara kumi na nne, kwa sababu wimbo unautaka mara kumi na nne, na kila mara nilijua kwamba anajua.

Nilipomaliza, vigelegele vikapasua hema. Wazee wakasimama. Nabwile akaja mbio akiwa ameinua gauni lake na kuniangukia shingoni, akasema, "Ni yeye. Ni yeye kabisa." Yeye hakuusikia uzi wa tatu. Nilimshukuru Mungu kwa hilo, nikarudi nyuma ya jiko nikakaa kwenye ngazi, gitaa mapajani.

Edah alinifuata. Akaketi kando yangu, gauni la kijani juu ya saruji yenye majivu, akaweka kidole juu ya uzi wa tatu.

"Hii si yake," akasema.

Nikamwambia. Safari hii sikubakisha kitu, hata ule uongo wa sebuleni. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na zile nyuzi za zamani?"

"Alitupa, Mama Nabwile."

Wanawake wa jikoni walikuwa wanaosha sahani wakiimba. "Mkono yake ilikuwa imebaki hapo tu," akasema, nami nikalia, sikujificha.

Kisha akauliza, "Nani alipiga huo mluzi?"

Nikamwonyesha Kabiru, aliyekuwa amesimama kando ya pikapu na viatu vyake mkononi, hajui avae au asivae.

"Shemeji, kuja," Edah akamwita. "Hebu piga nisikie."

Kabiru, mtu asiyeimba hata kanisani, akapiga miluzi sita pale mbele ya masufuria. Edah alifumba macho. Kwa kila sauti aliitikia kwa kichwa, isipokuwa moja.

"Ngoja nikuimbie yenyewe," akasema, akafungua kinywa. Akajaribu kwa pua, akaacha. Akajaribu tena, chini kidogo, juu kidogo, akaacha. Nilimwona akitafuta, na nilijua vizuri anavyohisi.

"Siipati," akasema mwishowe. "Nikisikia hii najua si yenyewe. Lakini yenyewe siipati tena. Hata ile iliyokuwa kwangu imeenda."

Kabiru akaweka viatu chini.

Edah akamwita mmoja wa wasimamizi wa bibi harusi, akamwomba rangi ya kucha aliyokuwa nayo. Ilikuwa ya zambarau. Akavuta gitaa hadi mapajani mwake, akaniambia nizikaze nyuzi tena kwa mluzi wa Kabiru, maana zilikuwa zimeshaanza kulegea. Nikazikaza. Akachovya brashi, akachora mstari kwenye kifunguo cha kwanza, kisha cha pili. Alipofika cha tatu mkono wake ukasimama hewani.

"Hii acha itafute," akasema. "Tano zitanitosha."

Akachora cha nne, cha tano na cha sita, akafunika chupa, akanirudishia gitaa.